Njia Mbili za Jeddah

Mwatime alikuwa ameambiwa apande basi. Kaka yake Nassoro alimwambia kwa simu, akarudia, kisha akamtumia na ujumbe wa sauti asije akasema hakusikia: "Panda basi, Mwatime, uje kistaarabu. Huyo mchumba wako aje na gari lake. Mtakutana Makka, mbele yangu." Naye Mwatime akajibu, "Sawa, kaka," kwa ile sauti ya upole ambayo wanawake wa Kwale huitumia wakiwa wameshaamua kufanya lingine. Alfajiri ile alitoka kwenye lango la jumba la madam wake kule Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh, mkononi begi moja na doti ya leso mpya za harusi, akaingia kwenye gari la Silas.

Tusimlaumu sana. Msichana anayeolewa Ijumaa, akapewa nafasi ya kukaa kutwa nzima karibu na mwanamume anayempenda, atapanda basi la nini?

"Kaka yako akijua nimekubeba, atanikata kichwa," Silas alisema akiwasha gari.

"Hakukati. Atakukatia mahari kubwa zaidi."

Silas alicheka. Alikuwa mtu wa Othaya, kule Nyeri, fundi wa mashine za hospitali, mrefu, mwenye mikono mitulivu, na kila alipocheka alishusha macho kwanza, kama anayeomba ruhusa. Mwatime alimpendea hapo. Walijuana kwenye hoteli moja ya Wakenya mtaani Sulimaniyah, Ijumaa moja Mwatime alipokuwa amepewa ruhusa na madam, na Silas akamwachia chapati ya mwisho. Watu huanza mapenzi kwa mambo makubwa zaidi ya hayo na hawafiki popote.

Hawa walikuwa wamefika mbali. Baba yake Mwatime, baada ya kukasirika na kususa chakula, alikuwa ametoa neno lake: "Mtu wa bara si neno, mtu ni mtu. Lakini asilimu, na asilimu kweli." Silas akaenda kwenye kituo kimoja Riyadh, akatamka shahada mbele ya mashahidi, akapewa jina la Salim. Mama yake, mzee wa kanisa, alikata simu siku aliyoambiwa, na tangu hapo humsalimia mwanawe kupitia kwa dada mtu, Maryann. Nassoro, aliyekuwa dereva wa familia moja mtaani Al-Hamra, Jeddah, na ndiye aliyepewa na baba uwakilishi wa kumwozesha dada yake, akaongeza sharti lake mwenyewe: kwanza Salim afanye Umra pamoja naye. "Tukitoka Makka ndugu," alisema, "Jeddah namkabidhi mkono wako." Bosi wake alikuwa ameshampa ukumbi wa wageni. Wali ulikuwa umeshaagizwa.

Sasa walikuwa njiani. Jangwa lilinyooka pande zote mbili, na barabara haikuwa na kona hata moja ya kumsumbua dereva.

"Unakumbuka wale ng'ombe?" Mwatime aliuliza.

"Usianze."

"Unawaambia kwa Kikuyu watoke njiani! Ng'ombe wa Austria!"

"Si walitoka?"

"Walitoka kwa aibu."

Walicheka wote wawili, halafu wakanyamaza, kwa sababu kila walipoanza na ng'ombe walijua watakapoishia.

Ilikuwa kiangazi kilichopita. Madam wake Mwatime hulikimbia joto la Riyadh kila mwaka, na mwaka ule alikwenda milimani Austria na ukoo mzima, mabegi yasiyohesabika, mapacha wake na yaya wao, ndiye Mwatime. Silas naye alikuwa ametumwa na kampuni yake mafunzoni Ujerumani. Yalipokwisha alikodi gari dogo jeupe, akavuka mpaka, akaja kusimama mbele ya ile nyumba ya kando ya ziwa amevaa shati lililopigwa pasi. Madam alimtazama kutoka dirishani, akamtazama na Mwatime aliyekuwa hajui aweke wapi mikono yake, akasema, "Siku mbili tu, halas. Jioni urudi, wanangu hawalali bila wewe."

Siku mbili hizo Mwatime alizikunja akaziweka mahali ambapo hakuna mtu angezigusa. Walizunguka na kile kigari kutoka kijiji hadi kijiji, nyumba za mbao zenye maua mekundu kwenye roshani, majani yamekatwa chini kama kichwa cha mtoto wa shule. Walikula mkate na jibini wamekaa ukingoni mwa barabara. Hakuna aliyewajua. Hakuna aliyeuliza huyu nani yako.

Siku ya pili waliacha gari chini ya kilima, wakaingia msituni kwa miguu. Miti ilikuwa mirefu, iliyonyooka, yenye harufu ya utomvu, na chini ya miguu kulikuwa laini, majani makavu juu ya majani makavu. Mwanga ulipenya kidogo kidogo. Mwatime alijikuta ananong'ona.

"Mbona unaongea hivyo?" Silas alimuuliza.

"Kwetu msitu kama huu ni kaya, mahali patakatifu. Huingii na makelele. Hukati hata ufito." Akamtazama kwa jicho la pembeni. "Wala hushikani mikono na mwanamume."

Silas akatia mikono yake mifukoni papo hapo, akatembea hivyo huku anajikwaa kwenye mizizi, hadi Mwatime akamwonea huruma na kuutoa mkono mmoja mwenyewe.

Wakafika mahali njia ilipogawanyika. Palikuwa na kibao cha njano chenye mishale miwili, mmoja wa juu, mmoja wa chini, na yote miwili imeandikwa jina la ziwa lile lile.

"Pita juu, mimi nipite chini," Silas alisema. "Tuone nani anampenda mwenzake zaidi."

"Atakayefika kwanza?"

"Hapana. Atakayengoja."

Mwatime alipita juu, peke yake, moyo unamdunda kwa furaha na woga kidogo, akisikia maji yakitiririka bila kuyaona. Njia ile ilizunguka sana. Alipotokea ziwani, Silas alikuwa ameshafika zamani. Alikuwa ametandika koti lake kwenye benchi upande mmoja, amemimina chai kwenye kifuniko cha chupa, na chai imeshapoa. Alipomwona akasimama.

"Mimi nitakuwa nafika kwanza siku zote," alisema. "Nikungoje. Niruhusu nifanye hiyo kazi, Mwatime."

Mwatime aliipokea ile chai, akamwambia, "Nenda kwa baba."

"Nitaenda."

"Unajua atakavyokwambia."

"Najua."

"Na utajibu nini?"

"Nitajibu ndiyo."

Alijibu upesi, hata chai haijawekwa chini. Wakati ule Mwatime alilichukulia jibu lile kuwa mapenzi, na yalikuwa mapenzi kweli. Ila jambo kubwa kama lile lingestahili kumchelewesha mtu kidogo.

"Mwezi wa sita turudi," Silas alisema sasa, macho barabarani. "Mkataba wako na madam utakuwa umeisha. Fungate yetu iwe kule. Gari lile lile."

"Na ng'ombe wale wale."

"Walai, hao nawafundisha Kidigo."

*

Walifika Sail alasiri. Hapo ndipo mikati ya wanaotoka upande wa Riyadh, mahali ambapo mwenye kwenda Umra lazima aoge, anuie, na mwanamume avae shuka zake mbili nyeupe kabla ya kusonga mbele. Msikiti ni mkubwa, uwanja wa magari umejaa, watu wa kila rangi, na madereva wa mabasi madogo wanaita, "Haram! Haram! Yalla!" wakijaza abiria wa Msikiti Mtukufu.

Mwatime aliingia upande wa wanawake. Alioga, akaswali, akanuia Umra yake, akawa ameingia katika ihramu na miiko yake, akaanza talbia, ule wito wa mahujaji, kwa sauti ndogo, na machozi yakamtoka bila sababu. Alitoka amepungua uzito. Alisimama kando ya gari akitazama mlango wa wanaume, na kila aliyetoka amevaa nyeupe alidhani ni yeye.

Silas alitoka amevaa shati lake la buluu. Shuka zilikuwa kwapani, zimekunjwa ovyo.

"Mbona hujavaa?"

"Ingia kwa gari kwanza."

"Siingii. Mbona hujavaa?"

Silas aliziweka zile shuka juu ya gari, akazinyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi. "Nilivaa," alisema. "Nilivaa, nikavua."

Mwatime hakuuliza kwa nini.

"Nilikuwa nimejifunga vibaya, inaanguka. Kuna mzee hapo ndani, Msudani. Akanicheka, akaniita, akanifunga vizuri mpaka akanipiga begani. Akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikamwambia mimi nimesilimu juzi juzi. Mwatime, yule mzee alinikumbatia. Akaanza kulia. Akasema nimwombee nikifika, kwa sababu mimi sina dhambi hata moja, nimeoshwa zote."

"Ni kweli. Mtu akisilimu…"

"Mtu akisilimu. Mimi sijasilimu. Mimi nilisema maneno."

Karibu yao familia moja ilikuwa inapakia watoto garini. Mwatime alingoja mlango ufungwe.

"Uliyasema mbele ya mashahidi."

"Nilikuwa naona wewe tu. Wakiniuliza kama naamini, nikasema ndiyo, vile nilisema ndiyo kwa ile benchi. Ilikuwa ndiyo ya kumpata Mwatime."

"Na Ramadhani? Si ulifunga? Si ulikuwa ukinipigia wakati wa futari?"

"Nilifunga yote. Nilifikiri itakuja. Kila mtu aliniambia imani huja polepole. Nimeingoja. I swear, nimeingoja. Haijakuja." Sauti yake ilikatika. "Naweza kudanganya kaka yako. Hata baba yako naweza. Lakini huko mbele siwezi kuingia nikidanganya. Ni mahali pako pa kuombea. Nitapachafuaje na nakupenda?"

Mwatime alitaka kupiga kelele. Alitaka kumsukuma kifuani, amuulize alikuwa wapi na ukweli wake huu mzuri miezi yote hiyo, kwa nini ameuleta hapa, siku hii, wali umeshaagizwa. Maneno yalimjaa hadi kwenye meno, akayafungia humo humo.

"Sema kitu, Mwatime. Nigombeze."

"Siwezi. Nimeshahirimia. Mwenye ihramu hagombani."

Silas alinyoosha mkono kumshika, na Mwatime akarudi nyuma hatua moja.

"Sikiza," Silas alisema haraka haraka. "Nimefikiria. Nipite ile njia ya nje, isiyoingia Makka, mpaka Jeddah. Nitamwambia Nassoro homa ilinishika. Kesho tunafunga ndoa. Huko hakuna kibao cha kuuliza mtu ni nani. Ni wewe na mimi tu tutajua. Na nitaendelea kungoja, labda itakuja tukiwa wawili. Utakubali nikuoe hivyo?"

"Usiniulize hapa. Aliyehirimia haposwi."

"Basi niulize wapi?"

"Hukupaswa kuniambia!" Alijisikia sauti imepanda, akaishusha. "Ungenyamaza, Silas, ningeolewa nawe kesho. Ningeishi na wewe mpaka nizeeke, nisijue. Sasa nimeshajua. Nikisimama kesho pale na ninajua, hiyo si ndoa. Kwangu mimi si ndoa. Utakuwa umenichukua tu."

"Ungeolewa na mwongo."

"Ningeolewa!"

Silas aliinamisha kichwa. Kilichomuumiza Mwatime zaidi ni kwamba hakuweza kumchukia. Laiti angekuwa mhuni, angemlaani akapumua. Huyu alikuwa amevua shuka kwa sababu mzee asiyemjua alimlilia, na mwanamume wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akimtafuta maisha yake yote.

"Nipe begi langu," alisema.

"Unaenda na nani?"

"Na watu. Nimeshanuia, sina budi kufika."

Silas alilibeba begi mwenyewe hadi kwenye basi dogo, akaliweka kwenye kiti cha mbele, akamwambia dereva kwa Kiarabu chake cha kubahatisha amfikishe salama. Halafu akarudi dirishani.

"Njia zote mbili zinafika Jeddah," alisema, akijaribu kutabasamu. "Mimi nitafika kwanza. Kesho baada ya Asri nitakuwa pale baharini, karibu na Al-Hamra, kwa benchi. Nitakungoja."

Mwatime alitazama mbele.

Basi lilipoondoka, gari la Silas lilikuwa mbele yao. Barabara ilikuja na vibao vyake vikubwa juu: moja kwa moja, Waislamu; kulia, wasio Waislamu. Taa yake ya kulia iliwaka mapema kuliko ilivyohitajika, maana Silas ni dereva mwangalifu. Ikawaka, ikazima, ikawaka. Kisha gari likajitenga na mengine, likainama na ile kona, na Mwatime akasikia sauti ya ajabu ikimtoka.

Bibi mmoja wa Kizanzibari aliyekaa karibu naye alimpa karatasi laini ya kufutia machozi. "Lia, mwanangu," alisema kwa upole. "Raha iliyoje kuitwa na Mola. Sote hapa tunalia."

*

"Salim yuko wapi?" Nassoro aliuliza walipokutana, naye amevaa shuka zake, bega moja wazi, ana furaha ya kitoto usoni.

"Tumalize kwanza, kaka."

Walitufu, wakiizunguka Kaaba mara saba. Mwatime alikuwa amejiwekea dua za kuomba: watoto, afya ya baba, nyumba yenye ua. Zote zilimpotea. Alilokumbuka ni jina la mtu, na hata hilo alisita, hakujua amwombee Salim au Silas. Akasema Silas. Mungu mwenyewe angejua ni nani.

Alipokata ncha za nywele kidogo, ihramu yake ikaisha. Sasa alikuwa na ruhusa ya kugombana, na hakuwa na ugomvi wowote. Alimweleza Nassoro yote, hadi shuka zilizowekwa juu ya gari.

Alingoja kaka yake alipuke. Nassoro ndiye aliyeapa mwanzoni kwamba dada yake hataolewa na mtu wa bara hadi jua lichomoze magharibi. Badala yake alijipapasa kichwa kilichonyolewa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na yeye."

"Basi hakuna anayejua," alisema polepole. "Mimi sijasikia kitu. Kesho akisema maneno mbele yangu, namshika mkono. Ya moyoni mwake si kazi yangu. Nimekuona ulivyopendeza mwaka huu, Mwatime. Hata sauti yako kwa simu ilibadilika. Sitaki kukurudisha kwa baba ukiwa hivi ulivyo sasa."

Mwatime alimtazama akaona kwamba anasema kweli. Pingamizi ambalo wamelililia na kulipigia magoti mwaka mzima lilikuwa limeondoka, na kaka yake mwenyewe ndiye aliyeliondoa. Hapakuwa na baba tena, wala Nassoro, wala mama wa Othaya. Palibaki jambo moja alilolijua, na hakuna mtu wa kumwondolea.

"Ahsante, kaka," alisema, na akalia vibaya kuliko alivyolia kwenye basi.

Kesho yake, Ijumaa, waliingia Jeddah baada ya Asri. Walipokaribia Al-Hamra Nassoro alipinda bila kuambiwa, akashika barabara ya baharini, akapunguza mwendo.

Familia zilikuwa zimeanza kutandika mikeka. Mwatime alimwona kabla hajataka kumwona. Amevaa lile shati la buluu, limekunjamana, bila shaka amelala nalo. Koti limetandikwa upande mmoja wa benchi katika joto lile la Jeddah ambalo hakuna mwenye akili hutembea na koti. Kando yake chupa ya chai, na kifuniko kimejazwa.

Silas alikuwa anatazama kila gari. Lao alilitambua, akasimama.

"Nisimame?" Nassoro aliuliza.

Mguu wake ulikuwa tayari kwenye breki. Mwatime aliweka mkono kwenye mlango. Angeteremka angekaa juu ya lile koti. Angekaa angekunywa ile chai. Angekunywa, basi jioni hii hii angesema ndiyo, upesi, kama yeye alivyosema.

"Mwatime. Nisimame?"

"Usisimame, kaka."

"Una hakika?"

"Twende. Tafadhali, twende."

Gari likapita. Hakugeuka, ila kioo cha pembeni kilimwonyesha bila kuombwa. Silas alisimama kitambo akilifuata gari kwa macho. Halafu akaketi tena, upande ule ule aliokuwa, na ule wenye koti akauacha wazi.